Kinga ya kansa ya matiti ianze na wasichana wetu wadogo

Kila ukifika mwezi wa kumi hapa Mombasa utawaona watu na fulana za pinki, utepe kifuani, matembezi asubuhi mapema mpaka ufukwe wa Mama Ngina, hotuba mbili tatu, picha za pamoja, halafu kimya mpaka mwaka mwengine. Sina neno na matembezi, mimi mwenyewe huenda na nitaendelea kwenda, manake kuna wanawake walienda kujipima kwa sababu ya kusikia hotuba moja tu kama hiyo na sai wako hai wanalea wajukuu. Lakini kuna jambo lanikera na nataka kulisema wazi. Hotuba zote zasema jichunguze, wahi hospitali, kapime. Sawa kabisa. Ila kuiona kansa mapema na kuizuia isije ni mambo mawili mbali mbali, na hili la pili huku kwetu halizungumzwi, ama likizungumzwa laishia kwa kula mboga na kufanya mazoezi basi.

Kwa maoni yangu mtu wa kwanza wa kukingwa ni msichana wa miaka minane, tisa, kumi, yule ambaye sai yuko nje aruka kamba na kifua hata hakijaanza kuota. Mama wa miaka hamsini aliye kwenye foleni ya mamogramu, ile picha ya kupima matiti, tumhudumie kwa kila hali, lakini kwake yeye kazi ya kinga ilikuwa ifanywe miaka arobaini iliyopita. Nitaeleza kwa nini nasema hivo.

Kwanza tuelewane ukubwa wa hili jambo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na kansa ya matiti na 670,000 wakafariki. Hapa Kenya ndiyo kansa inayopata watu wengi kuliko zote, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa karibu wagonjwa wapya 6,800 na vifo zaidi ya 3,000 kwa mwaka huo mmoja. Sasa watu wengi wadhani ni ugonjwa wa ukoo, ati kama kwenu hakuna basi wewe uko salama. Ile ya kurithi, ya jeni kama BRCA1 na BRCA2, ni kama 5 mpaka 10 tu katika kila wagonjwa 100. Na karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kwamba ni wanawake na wamepita miaka 40. Nusu jamani. Mtu hanywi pombe, amenyonyesha watoto wake wote, kwao hakuna aliyewahi kuugua, na bado yampata. Nikiulizwa kwa nini nashughulika na krimu na mapipa na moshi wa jikoni, mambo nitakayoyafikia hapa chini, ni kwa sababu ya hiyo nusu.

Kuna utafiti wa Marekani ambao hupenda kuwaelezea wenzangu kwenye chama chetu cha akina mama. Kati ya mwaka 1959 na 1967 kule Oakland, California, wanawake waja wazito walitolewa damu na ile damu ikawekwa kwenye friza miaka na miaka. Baadaye mtafiti Barbara Cohn na wenzake wakaitoa wakapima ilikuwa na DDT kiasi gani. DDT ni ile dawa ya wadudu iliyoanza kumwagwa kila mahali baada ya mwaka 1945, mashambani, kwenye miti ya mitaa, majumbani. Matokeo yakatoka mwaka 2007: wale waliokuwa na DDT nyingi kwenye damu na ambao ilipoanza kutumika sana walikuwa chini ya miaka 14, hatari yao ya kupata kansa ya matiti kabla ya miaka 50 ilikuwa mara tano ya wenzao. Waliokuwa wameshapita umri huo haikuonekana tofauti hiyo. Dawa ni ile ile, nchi ni ile ile, kilichotofautiana ni umri tu. Mwaka 2015 wakatoa matokeo mengine ya watoto wa kike wa wale wale akina mama, ambao walipatwa na DDT wakiwa bado tumboni, na hao pia kama mama alikuwa na kiwango cha juu hatari yao ilikuwa karibu mara nne.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ziwa, yaani titi, ni kiungo ambacho mtoto hazaliwi nacho kikiwa kimekamilika. Lajengwa wakati wa kubalehe na likaendelea kukomaa mpaka ile mimba ya kwanza, na wakati lajengwa chembe zake zagawanyika kwa kasi sana, kitu chochote cha kuharibu kikiingia hapo uharibifu wake waweza kubaki umelala miaka thelathini. Halafu kuna kemikali ambazo mwili wazidhania ni homoni ya estrojeni na wazipokea hivo hivo, na estrojeni ndiyo inayoziambia zile chembe zigawanyike. Ndiyo maana msichana aliyeanza hedhi kabla ya miaka 12 na mwanamke aliyechelewa kukoma hedhi hatari yao yapanda kidogo, manake wamekaa na hiyo homoni muda mrefu zaidi. Sasa fikiria unamuongezea nyingine ya bandia kutoka nje na bado ni mtoto.

Nenda saluni yoyote ya mtaani usiku wa kuamkia Idi, iwe Majengo, Kisauni, Likoni, popote. Utamkuta msichana wa miaka saba ama minane amekalishwa juu ya mto ili kichwa kifike kwenye mkono wa msusi, masikio yamepakwa vaselini pembeni, na kichwani amejazwa dawa ya nywele. Mtoto afinya macho asema yawasha. Aambiwa vumilia kidogo, bado kidogo, si wataka nywele zilale kama za dada. Na kweli yawasha, mimi niko pale nimesimama mlangoni na harufu yake yanitoa machozi. Msusi mwenyewe hana glovu, feni yazungusha ile ile hewa, na mwanawe mchanga amelala kwenye mkeka nyuma ya pazia kwa sababu mama hana pa kumuacha. Mteja akae saa moja aende zake. Huyu msusi yuko hapo tangu asubuhi na kesho yuko hapo tena.

Siwachukii wasusi, wallahi hao ndio ninaowahurumia zaidi. Shirika la utafiti wa kansa la IARC lishaiweka kazi ya saluni kwenye kundi la kazi zinazoelekea kusababisha kansa, hasa kansa ya kibofu. Mtu aivuta ile dawa miaka ishirini na hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue dirisha.

Na kuhusu wateja, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Sister Study, uliofuatilia wanawake ambao dada zao walishaugua kansa ya matiti. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 46,000. Waliotumia dai, yaani rangi ya nywele, ile ya kudumu hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 9 kwa jumla, lakini kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 45. Waliotumia dawa za kulainisha nywele ilikuwa kama asilimia 18. Hapa niseme kwa haki kabisa, utafiti wa aina hii waonyesha kwamba mambo mawili yaenda pamoja, hautoshi kusema moja kwa moja ati hii ndiyo imeleta ile, na watafiti wenyewe walisema hivo. Mwanamke mzima akiamua kutia dawa nywele zake hayo ni yake na simuingilii. Lakini mtoto wa miaka saba hakuamua. Na kwake yeye sioni haja ya kusubiri ushahidi mpaka ukamilike ndio nimuache na nywele zake alizopewa na Mungu.

Piko pia. Kwetu harusi bila hina si harusi, na sai hina nyekundu peke yake haitoshi, lazima iingie piko nyeusi tititi. Hina ya majani haina neno, bibi zetu wamepaka vizazi na vizazi. Piko nyingi inayopakwa ni ile poda ya kutia nywele rangi nyeusi, yakorogwa na maji kwenye kifuniko na kuchorwa ngozini, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD ambayo kwenye dai ya kichwa yenyewe huambiwa usiiguzishe ngozi. Mtu mmoja wa karibu nami alipakwa piko siku ya harusi ya ndugu yake, siku ya tatu maua yote yakavimba yakawa malengelenge, yakapasuka, na mpaka leo mkononi ana alama ya ua limechoreka kwa kovu. Hiyo si kansa, ni mzio, na simuogopeshi mtu kwamba piko yaleta kansa ya matiti kwa sababu hakuna aliyelithibitisha hilo. Nailaumu kwa kile kinachojulikana: yachoma, na mtu akishapata mzio wa PPD akae akijua hawezi tena kutia dai yenye PPD kichwani maisha yake yote. Na watoto wetu wa madrasa wapakwa kila Idi.

Halafu krimu za kujichubua. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona mabinti wa shule wachangishana pesa ya krimu. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya kitambo, lakini ingia kwenye vichochoro vya maduka utazipata, nyingine hazina hata lebo, zimepimwa kwenye kikopo kidogo cheupe na muuzaji akwambia hii nimechanganya mwenyewe, siku saba tu. Zebaki yapita kwenye ngozi yaingia kwenye damu yaenda kuharibu figo, na mja mzito yamfikia mtoto tumboni, na mama ajichubuaye akimbeba mwanawe amguse kwa mikono ile ile. Hapa tena ni figo na ubongo wa mtoto zaidi kuliko matiti. Lakini kwenye chama chetu tulikubaliana hatutagawanya sumu, kwamba hii tutaishughulikia kwa sababu ni ya kansa na ile tuiache kwa sababu ni ya figo. Mwili ni mmoja na duka ni moja.

Na uzuri tunao wetu. Liwa ipo, mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yapo, asumini ipo, maua ya kilua yakipatikana. Binti aliyesuguliwa liwa akafukizwa asumini kwenye nywele nani atasema hapendezi?

Tukitoka kwa urembo tuingie nyumbani, na hapa kuna jambo moja naliona kila siku mpaka sasa nikilinyamazia nitakuwa nimekosea. Kuwasha jiko la makaa kwa nailoni. Mafuta ya taa ghali, karatasi zashika unyevu, basi mtu achukua mfuko, kipande cha ndala kilichokatika, kipande cha mtungi, aweka chini ya makaa, awasha, apuliza. Moshi mweusi wapanda, ule mzito unaoacha masizi yenye kunata. Anayetumwa kuwasha jiko ni nani? Ni yule yule msichana wa miaka tisa, ameinama, apuliza kwa mdomo wake. Plastiki ikichomwa, hasa ile ya PVC, yatoa kemikali ziitwazo dayoksini, na hizo zikiingia kwenye mafuta ya mwili zakaa miaka. Mwaka 1976 kule Seveso, Italia, kiwanda kilipasuka valvu kikamwaga dayoksini juu ya mji, na wanawake wa pale wakafuatiliwa. Baadaye ikaonekana kadiri damu ilivyokuwa na dayoksini nyingi ndivyo hatari ya kansa ya matiti ilivyopanda. Kiasi chao kilikuwa kikubwa sana, silinganishi na jiko. Lakini kijiti kikavu na ganda la nazi lililokauka vyawasha jiko vizuri tu, na huku pwani nazi hazijaisha.

Kisha mapipa. Kila mtu ajua shida ya maji Mombasa, mfereji watoka siku mbili halafu wakauka wiki, basi lazima uwe na pipa. Mapipa ya buluu yauzwa pembeni ya barabara, bei yake ni nafuu kuliko tangi, na watu wayapenda kwa sababu ni magumu. Lililetwa moja kwa jirani yangu na mkokoteni. Ubavuni lilikuwa na lebo imebanduliwa nusu, iliyobaki ilikuwa ni ile alama ya fuvu la kichwa na mifupa, na maneno mawili ya Kichina. Akaliosha kwa sabuni ya unga, akalianika juani siku kadhaa, akalitia maji akamwaga, na bado ukiinamisha kichwa ndani wasikia harufu tamu tamu kama ya rangi. Yule mama alikuwa na wajukuu wanne ndani ya nyumba. Alilolifanya mwishowe ni kulikata katikati akapandia mchicha, na hapo pia nikamwambia mama, mchicha tutaula sisi, bora lifanywe la taka. Akakubali ingawa pesa yake ilikuwa imeshaenda. Sasa pesa yake ataidai kwa nani? Aliyemuuzia hajui pipa lilikuwa na nini, na aliyemuuzia yeye pia ajidai hajui.

Mengine nayapitia haraka. Msitie chakula cha moto kwenye plastiki, supu ya pweza, uji, chai, mahala pa plastiki chukua kikombe cha bati ama udongo kutoka nyumbani. BPA ambayo hutengenezewa plastiki ngumu ni moja ya zile kemikali zinazojifanya estrojeni na Ulaya waliipiga marufuku kwenye chupa za watoto tangu 2011. Pombe yaongeza hatari ya kansa ya matiti, hilo halina ubishi. Unene baada ya kukoma hedhi pia, kwa hivo wale akina mama watembeao Mama Ngina alfajiri na mabuibui yao na raba miguuni, mashallah, endeleeni. Na kunyonyesha ni kinga kweli kweli: walipokusanya tafiti 47 za nchi 30 mwaka 2002 walikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha yapunguza hatari kwa asilimia 4.3. Kitabu chetu chasema miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Mama apewe nafasi ya kuitimiza hiyo, si kurudishwa kazini mtoto hajafika hata miezi minne.

Na kuna uvumi ambao wapoteza wakati wetu. Kuweka pesa ama simu kwenye sidiria hakuleti kansa. Sidiria ya waya haileti. Husda haileti. Nalisema hili kwa sababu mwanamke akishaamini ni jicho la mtu, atazunguka kwa waganga miezi na uvimbe wakua.

Sasa watu huniambia, haya yote ni makubwa, sisi akina mama wa chama tutafanya nini na viwanda na bandari na maduka. Mimi huwajibu kwa Owino Uhuru. Pale Mikindani, si mbali, watu wapita kila siku. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifunguliwa ukutani mwa makazi ya watu mwaka 2007, kikawa chatoa moshi na maji yenye risasi, ile madini yenye sumu iliyo kwenye betri. Phyllis Omido alikuwa mfanyikazi wa hicho kiwanda, mwanawe mchanga akaugua, kumpima akakutwa na risasi kwenye damu, na yeye alikuwa amnyonyesha. Hakuwa mwanasheria wala daktari. Alianza kubisha mlango mmoja mmoja, akawapeleka watoto wa jirani wakapimwa, akaandamana, akashikwa akawekwa ndani mwaka 2012, hakuacha. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa hapa Mombasa ikaamua watu wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaivunja ile hukumu, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu walizikwa katikati ya hiyo kesi. Ni safari ndefu na ya machungu, na siwezi kumwambia mtu ni rahisi. Lakini ilianza na mama mmoja na maziwa yake.

Na sheria iko upande wetu kuliko vile tunavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, chasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 ndicho ninachokipenda: ukienda mahakamani kwa jambo la mazingira huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Huhitaji kusubiri maiti. Na cha 46 chasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari kuhusu anachouziwa na afya yake ilindwe. Kwa hivo ukimuuliza mwenye duka hii krimu ina nini ndani, humletei ubishi, wadai haki yako. Sheria ya taka ya 2022 nayo yawapa kaunti kazi ya kutenganisha na kuzoa taka, basi tukienda kwenye baraza na mikutano ya bajeti tuwaulize, taka za mtaa wetu zazolewa lini, kwa sababu zisipozolewa tutazichoma na moshi twauvuta sisi.

Kwenye chama chetu tulianza na kidogo. Baada ya kutoa mchango wa mzunguko, twatenga kama nusu saa ya mazungumzo haya. Kila mtu aje na kopo moja kutoka nyumbani, krimu, dai, dawa ya mbu, sabuni, tulisome pamoja. Wale wasiosoma Kiingereza wasomewa na mabinti zao, na nimeona mabinti ndio wanaoshika mambo haraka, binti mmoja alimpokonya mamake kopo akasema hii haina jina la kampuni wala tarehe, hujui hata yatoka wapi. Tumewazungukia wasusi wa mtaa, hatukwenda kuwafungia kazi, tulikwenda na glovu na tukaongea habari ya madirisha na feni ya kutoa hewa nje. Na tuliwaomba jambo moja tu: msichana asiyebalehe msimtie dawa, hata mamake akilipa mara mbili. Wengine walikubali hapo hapo. Mmoja alisema nikikataa ataenda duka la pili. Ni kweli, na ndiyo maana yafaa saluni za mtaa mzima zikubaliane, na ndiyo maana twataka ustadhi na walimu wa shule walizungumzie hili pia, sio sisi pekee.

Na kujichunguza sikuacha nyuma, manake hata tukisafisha kila kitu leo wale walioishi na hizi sumu wako miongoni mwetu. Uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi, na hapo ndipo wengi hukosea, asema hauumi basi si kitu. Angalia uvimbe kwenye ziwa ama kwapani, chuchu iliyoingia ndani ghafla, maji ama damu yatoka na hunyonyeshi, ngozi iliyobonyea bonyea kama ganda la chungwa. Wanaume pia wapata, ni wachache, chini ya mmoja katika mia, lakini wapata na huja wamechelewa zaidi kwa haya. WHO yataka mtu akienda na dalili, ndani ya siku 60 awe ameshajua ni nini. Siku 60! Huku kwetu najua mama aliyezungushwa kutoka zahanati moja hadi nyengine, huku apewa dawa ya maumivu, kule aambiwa ni maziwa yameganda, na alikuwa ameacha kunyonyesha miaka kumi. Alipofika hospitali ya Makadara na kufanyiwa bayopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, ilikuwa hatua ya tatu. Kwa hivo ukipewa jibu la juu juu, uliza: bayopsi lini? Na usiende peke yako. Sisi twaenda wawili wawili, mmoja aumwa na mwengine ashika faili na kuuliza maswali, kwa sababu mtu akisikia neno kansa masikio yake yafunga hapo hapo.

Waume zetu pia waambiwe. Yule amkatazaye mkewe asipimwe na daktari mwanamume, amtafutie daktari mwanamke basi, wako. Asiseme tu la akaishia hapo.

Kabla ya Ramadhani tutazunguka tena saluni na maduka ya vipodozi mtaani kwetu, kwa sababu wiki ya mwisho ya kufunga ndiyo wasichana wapelekwa kutiwa dawa na piko. Kama wewe ni mwenye chama, mwalimu wa madrasa, msusi, nesi, ama una binti tu, fanyeni hivo hivo mtaani kwenu, hamuhitaji ruhusa ya mtu. Mkipata duka lauza krimu isiyo na lebo ama mapipa yenye fuvu, pigeni picha, andikeni tarehe na mahali, ripotini KEBS, shirika la viwango vya bidhaa, ama NEMA, mamlaka ya mazingira, na muwe na nakala yenu. Mkinyamaziwa rudini na watu wengi zaidi.